Chupa Tunatupa, Simenti Tunaingoja Kutoka Mbeya: Vijana wa Katavi Tudai Kilicho Chetu



Nianze na swali dogo. Lini mara ya mwisho umeona chupa nzima ya Safari imelala mtaroni hapa Mpanda? Fikiri vizuri. Huioni, na hata ukiiona haikai dakika mbili. Chupa ya bia ina dhamana, ikipotea kwenye kreti kuna mtu anakatwa hela, kwa hiyo hata mlevi wa mwisho kutoka Makanyagio anajua chupa ile hairuhusiwi kuvuka mlango. Sasa zunguka nyuma ya baa hiyohiyo. Vichupa vya Konyagi, vichupa vya K-Vant, chupa za mvinyo, chupa za bia za nje zisizorudishwa. Hivyo ndo vimejaa mpaka kwenye majani. Havina mwenyewe kwa sababu havina bei.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Uamuzi ule siubishii hata kidogo, viroba vilitumalizia wenzetu. Lakini kinywaji hakikuondoka nchini, kilihamia kwenye chupa. Nani aliulizwa chupa hizo zitaishia wapi? Halmashauri ilipewa nini cha kuzipokea? Matokeo yake tunayaona: mtoto anachanwa mguu akienda kuchota maji, mvua ikinyesha kila kichupa kinakuwa bwawa dogo la mbu, na dampo linameta jua likitoka utadhani tuna mgodi wa almasi.

Vijana wa skrepa wanapita kila siku. Wanachukua chuma, wanachukua makopo, wanachukua plastiki. Kioo wanakiruka. Usiwalaumu, wanajua hesabu kuliko maofisa wengi. Kiwanda kikubwa kinachojulikana kwa kutengeneza chupa nchini ni Kioo Limited, kipo Chang'ombe, Dar es Salaam, na chupa zilizovunjika wanaweza kuziyeyusha upya. Lakini kutoka Mpanda mpaka Chang'ombe ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukipakia mzigo wa chupa kwenye lori, nauli itakula chupa, itakula faida, na kijana mwenyewe atarudi kwa miguu.

Sasa geuza uso uangalie upande wa pili wa barabara. Malori yanayoingia. Yamebeba nini? Simenti. Katavi hatuna kiwanda cha saruji. Kiwanda cha karibu kwa njia ya kusini kiko Songwe, Mbeya, na kutoka huko lori linapita Tunduma, Sumbawanga, ndipo lifike Mpanda, zaidi ya kilomita 500. Kila kilomita ipo ndani ya bei ya mfuko unaonunua dukani Majengo. Bei ya mfuko ya hapa na bei ya Dar hazijawahi kuwa ndugu. Lami imekuja, ya Tabora kupitia Koga na ya Sumbawanga, tunashukuru, barabara ni haki yetu na kodi yetu. Lakini lami haifuti umbali.

Hoja yangu ni hii, na naomba muisome mpaka mwisho kabla ya kucheka: ile chupa tunayoiruka mtaroni, ikisagwa ikawa unga laini kabisa, inachukua nafasi ya sehemu ya simenti kwenye zege. Vijana wa mkoa huu wanaweza kuifanya kazi hiyo, sheria mbili zilizopo tayari zinatosha kuianzisha, na sababu inayoizuia ni moja tu. Wenye kalamu hawataki kijana auze kitu kwa serikali. Wanataka kijana akopeshwe bodaboda na apige makofi.

Tuanze na kitaalamu, maana najua chawa watakuja kwenye maoni na "wewe umesomea wapi uhandisi". Wasome taratibu.

Kioo cha chupa, kwa sehemu kubwa, ni silika. Kama asilimia 70 ya uzito wake. Silika hiyo haijajipanga kama ya mchanga wa mtoni, imeganda ovyo, na ndiyo maana inakubali kushiriki kemia. Simenti ikikutana na maji inatoa gundi inayoshika kokoto, lakini pia inatoa chokaa ambayo haina kazi kubwa, inakaa tu ndani ya zege. Unga wa kioo ukiwa laini wa kutosha unaikamata chokaa hiyo na kutengeneza gundi nyingine ya aina ileile. Wataalamu wanaziita malighafi za namna hii pozolana. Mbeya na Songwe wanachimba pozolana ya volkano kwa matumizi hayohayo ya simenti. Sisi hatuna volkano. Tuna baa.

Neno lenye uzito hapo ni "laini". Hapa naomba tuwe makini kwa sababu kuna mafundi watasikia habari hii na kesho wataponda chupa kwa nyundo na kuzitia kwenye zege badala ya kokoto. Usifanye hivyo. Kioo kikibaki punje kubwa, alkali iliyomo kwenye simenti inakishambulia na kutengeneza ute unaonyonya maji na kuvimba. Zege linapasuka kutoka ndani, taratibu, miaka kadhaa baada ya mkandarasi kulipwa. Unga unaotakiwa ni ule unaopita kwenye chekeche la mikroni 75 au chini ya hapo, yaani kama wembamba wa unywele wa kichwani. Ukiushika kati ya vidole usikie unga wa ngano, usisikie mchanga. Kitu kilekile kinachoua zege kikiwa punje, kinaliimarisha kikiwa vumbi.

Na kuna mambo madogo ambayo ukiyapuuza yanakuharibia kazi. Vifuniko vya alumini vitolewe vyote, kwa sababu alumini ikikutana na simenti inatoa gesi na zege linajaa matundu. Chupa zioshwe, maana sukari ya vinywaji inachelewesha simenti kushika. Zege la unga wa kioo linaanza polepole. Siku ya saba unaweza kudhani umeibiwa, siku ya 28 linakuwa limesogea, na likifika siku ya 90 mara nyingi linalingana na zege la kawaida au linalipita. Kwa hiyo lisitumike na mtu mwenye haraka ya kubandua mbao kesho asubuhi.

Kiasi gani? Tafiti nyingi zinazunguka asilimia 10 mpaka 20 ya simenti. Lakini hapa Tanzania soma kwanza mfuko wako. Mifuko mingi ya daraja la 32.5 iliyopo madukani tayari imechanganywa kiwandani na pozolana au mawe ya chokaa. Ukitoa tena asilimia 20 juu ya hiyo unaidhoofisha. Tumia 42.5 iliyochanganywa kidogo, anza na asilimia 10, pima, ndipo uongeze.

Hesabu ya asilimia 10 haihitaji mtu mwenye digrii. Mfuko ni kilo 50, asilimia 10 ni kilo 5. Tuseme kichupa kimoja kina gramu 200. Vichupa 25 vinakupa kilo 5. Kazi ya mifuko 100 inakuwa ya mifuko 90 na vichupa 2,500. Aliyewahi kufanya kazi baa Mpanda atawaambia kama 2,500 ni nyingi au ni chache.

Kama mnadhani hizi ni ndoto za kijana wa Katavi, nendeni Montréal, Kanada. Chuo Kikuu cha Sherbrooke kilikuwa kinaufanyia utafiti unga wa kioo tangu miaka ya 2000, fedha zikitoka kwa shirika la umma linalouza pombe katika jimbo la Quebec. Hebu lirudieni hilo polepole: anayeuza chupa ndiye aliyelipia utafiti wa kuziondoa. Mwaka 2021 mji ule ulikamilisha madaraja mawili ya Darwin, ambamo asilimia 10 ya simenti ilibadilishwa na unga wa kioo, kioo cha chupa zipatazo 70,000. Daraja! Linapitisha magari kwenye nchi yenye barafu. Mwaka 2020 Wamarekani nao walitoa kiwango rasmi cha unga wa kioo kwa ajili ya zege. Sasa sisi hatuombi daraja la mto Koga. Tunaomba vitofali vya pevingi vya stendi na mifuniko ya mitaro.

"Mtasaga na nini?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niandike nikiwa na hasira.

Nenda Dirifu. Nenda Ibindi kule Nsimbo. Sikiliza. Ule mngurumo usiku kucha ni karasha, lile pipa la chuma lenye gololi nzito ndani yake, linalosaga mawe ya dhahabu mpaka yanakuwa unga. Mkoa huu una vijana wanaojua kuunda karasha, kulichomelea, kubadili gololi, kulitengeneza saa nane usiku likigoma. Hawakufundishwa na mradi wa wafadhili. Mashine inayosaga jiwe la dhahabu haitashindwa na kichupa cha Konyagi. Kitakachohitajika ni karasha jipya la kioo peke yake, kwa sababu lililosaga mawe lina mabaki ya zebaki na madini ambayo hatuyataki kwenye zege wala kwenye mapafu ya watu. Likae mbali na nyumba, wasagaji wawe na barakoa na glavu, vumbi lidhibitiwe. Gharama ya kulizungusha ipo, dizeli au umeme, na sitawadanganya kwamba ni ndogo. Ndiyo maana mzigo huu unalipa kule ambako simenti imesafiri mbali. Dar huenda usilipe. Mpanda una nafasi.

Umri wa mji huu wa reli unatufundisha kitu. Tawi la Kaliua mpaka Mpanda, kama kilomita 210, mkoloni hakulijenga kwa mapenzi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Uruwira, yale madini ya risasi, ipakiwe iende zake. Mgodi ukafa, reli ikabaki, na tabia ikabaki nayo: kizuri kinatoka kikiwa kighafi, kilichotengenezwa kinaingia kwa bei ya mwenye lori. Miaka zaidi ya 70 baadaye dhahabu inatoka, mpunga unatoka, tumbaku inatoka, simenti inaingia. Tuliimbiwa Tanzania ya viwanda. Kiwanda cha Katavi kiko wapi?

Sasa sheria. Ya kwanza mnaijua: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ikasimamishwa baada ya CAG kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Julai 2024 ikarudi. Wakati imesimama, aliyeumia ni kijana mwenye kikundi halisi, wala sijamsikia mwenye kikundi hewa akilalamika.

Ya pili wengi hamuijui, na hawana haraka ya kuwaambia. Sheria ya Ununuzi wa Umma, ile mpya ya 2023 kama ilivyokuwa ya zamani, inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Thelathini! Mkopo wa asilimia 10 unakupa mashine, tenda ya asilimia 30 inakupa mteja. Ukizisoma pamoja hizi sheria mbili unapata kiwanda kidogo kizima: halmashauri inamkopesha kijana karasha na mashine ya pevingi, halafu halmashauri hiyohiyo inanunua pevingi zake kwa ajili ya shule, zahanati, soko. Deni linalipwa kutoka kwenye malipo. Mkopo haupotei, maana anayedai na anayenunua ni mtu mmoja.

Lakini mnajua kinachotokea. Mwaka wa fedha wa 2021/22 nchi ilijenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, darasa moja milioni 20. Kila mkoa ulipata, na Katavi tulipata. Madarasa yale ni mazuri, watoto wanasoma, sina ugomvi na darasa. Ninachouliza ni hiki: katika milioni 20 hizo, kijana wa hapa aliuza nini zaidi ya jasho la kubeba zege? Mchanga na kokoto, basi. Kila kitu kilichokuwa na nembo kilitoka kwenye lori. Kazi ikaisha, ndoo ikarudishwa stoo, kijana akarudi kijiweni.

Mimi na wenzangu tuliwahi kupeleka wazo la kusaga chupa kwenye ofisi moja, sitaitaja. Karatasi tatu, mchoro, hesabu. Bwana yule hakufika ukurasa wa pili. Akavua miwani, akatuambia kwa upole kabisa: "Wadogo zangu, andikeni bodaboda, hiyo inapita." Hakuwa mtu mbaya, alituagizia hadi soda. Lakini tafakari uzito wa maneno yake. Ndani ya mfumo ule, wazo lenye soko lake mwenyewe ni hatari, na pikipiki ya kumi na mbili kwenye kijiwe kimoja ni maendeleo.

Najua pia minong'ono ya ndani ya nyumba yetu. Kuna kamanda atasema: tunapigania Katiba Mpya na tume huru, wewe unatuletea habari za chupa? Kaka, dada, nakuheshimu, lakini kaa chini. Jimbo la Mpanda Kati liliwahi kuchagua upinzani, 2005 na tena 2010. Hawakutuchagua kwa sababu walikuwa wamesoma rasimu ya katiba. Walitaka mtu wa kuwasemea kuhusu ardhi, reli na bei ya vitu. Mama anayejenga vyumba viwili Nsemulwa, mwaka wa sita sasa linta haijafungwa kwa sababu ya bei ya simenti, huyo ni mpiga kura, na akisikia upinzani una hesabu ya mfuko wake wa simenti atasogeza kiti. Katiba Mpya tutaidai. Lakini tukiidai tukiwa na kitu cha kuonyesha kwa mikono, tutasikilizwa na watu ambao leo wanatuona ni watu wa kupiga kelele tu.

Na wale wa "hakuna kiwango cha TBS"? Sawa, hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Hatutaki nyumba ya mtu ianguke ili sisi tushinde mjadala. Nguzo, linta, slabu ya ghorofa: tusiguse mpaka vipimo vije. Lakini nchi hii ina Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao ulianza kama kitengo mwaka 1971, na ndio waliotuletea matofali ya kufungamana. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya chenye wahandisi ujenzi, kuna VETA hapahapa Mpanda, kuna maabara za TANROADS zinazovunja vipande vya zege kila wiki. Kiwango hakishuki kutoka mbinguni, kinaanza na mtu kuagiza kipimo. Aliyetakiwa kuagiza ni nani, kama si mwenye dampo? Na dampo ni la halmashauri.

Kwa hiyo tunafanya nini? Kila halmashauri ya mkoa huu, Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, ina baraza la madiwani linalokaa kila robo mwaka, na kikao kile ni cha wazi. Hata pale ambapo hatuna diwani, hakuna sheria inayokukataza kukaa kwenye kiti cha mwananchi na daftari. Twendeni wengi. Kabla ya kikao, kila tawi la vijana liandike barua kwa mkurugenzi kuuliza mambo mawili: mwaka wa fedha uliopita, kati ya manunuzi yote, ni kiasi gani kilienda kwa vikundi vya vijana, na ni vikundi gani. Barua iwe na muhuri wa kupokelewa, mkibaki na nakala. Wakijibu, tunachapisha jibu. Wasipojibu, tunachapisha muhuri na tarehe.

Wakati huohuo tusikae tukisubiri barua. Matawi ya Kashaulili, Makanyagio, Majengo na Kawajense yaanze kuweka mapipa nyuma ya baa, wenye baa wenyewe watashukuru. Tutenganishe, tung'oe vifuniko, tuoshe. Mwenye ndugu fundi wa makarasha Dirifu amwambie anitafute, tunataka dogo la kujaribia, la kilo hamsini kwa mzunguko. Tutapiga pevingi za aina mbili kutoka simenti ileile, nusu zikiwa na unga wa kioo kwa asilimia 10, nusu bila, tuziandike tarehe kwa rangi na tuzipeleke maabara zikavunjwe siku ya 28 na siku ya 90. Majibu yote yatawekwa hapa, hata yakiwa mabaya.

Mapipa manne tayari tumepata. Tunahitaji mengine, na glavu.